Kompyuta Ilisema Hana

Mfuko wa karatasi za mama yangu niliutupa mimi, kwa mkono wangu, asubuhi moja ya Jumamosi. Ulikuwa mfuko wa turubai, zipu yake imeharibika zamani, na ndani yake zilikuwamo karatasi zote za maradhi yake tangu mimi msichana: picha za eksirei zilizojikunja, vyeti vya dawa, majibu ya damu, kadi za miadi za madaktari ambao wengine wamekwisha kufa. Mama alikuwa hendi hospitali bila ya mfuko ule. Akiingia kwa daktari huupakata, na kabla hajaulizwa neno huanza kutoa karatasi moja moja na kuzipanga juu ya meza ya watu.

Mimi nilikuwa nikiona haya. Mwalimu wa hisabati, skuli kubwa ya wasichana pale Ghubra, mama yangu anamfunulia daktari karatasi zilizoliwa na mende. Kwa hivyo siku nilipoambiwa kuwa karatasi hazihitajiki tena, nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Aliyeniambia ni daktari mwenyewe. Mama alikuwa ameungua mguu kwa maji ya moto, kidonda kikafanya usaha, nikampeleka hospitali ya binafsi iliyo karibu na skuli yangu. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na binti wa Kiganda anayekaa nasi nyumbani Mabela kumtazama mama. Nesi alimpiga mama sindano ya jamii ya penisilini. Haikupita hata robo saa, mama akaanza kujikuna shingo, midomo ikafura, akawa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kwa mrija. Wallahi nilisimama tu. Aliyetoka mbio kwenda kuita watu ni yule binti.

Daktari, mwanamke wa Kihindi wa makamo, mpole, alimwokoa. Siku ya pili alipotuaga alisema mama ana hasasiya kali na dawa ile, mwili wake hauipokei, asipewe tena maisha yake yote, kwani mara ya pili itakuwa mbaya zaidi. Nikamwomba karatasi.

"Karatasi ya nini?" alisema huku akicheka. "Nimeshaandika ndani. Hospitali zote sasa zimeunganishwa. Popote atakapokwenda, wataingiza namba ya kitambulisho chake na wataona."

Nilimwamini. Kwenye ukumbi wa kungojea mlikuwa na televisheni inayoonyesha filamu ile ile kutwa: mzee amevaa kilemba anatabasamu, faili linaruka hewani kutoka jengo moja hadi jingine, na maandishi yanasema kila raia sasa ana faili moja. Nilirudi nyumbani, na wikiendi iliyofuata nikautia mfuko wa mama kwenye pipa la mtaani.

Mama aliutafuta siku hiyo hiyo.

"Umezipeleka wapi karatasi zangu?"

"Zote zimo ndani ya kompyuta, mama. Huhitaji tena kubeba mzigo."

"Nani kazitia?"

Nilimwambia ale dawa zake. Swali lake lilikuwa la maana, na mimi niliyesoma nililiona la kizee. Hakuna aliyezitia. Hakuna mtu aliyekaa akaingiza karatasi za miaka arubaini ya mama yangu kwenye kompyuta yoyote.

Binti wa Kiganda naye alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la mwanafunzi, lenye mistari, ambalo ndani yake aliandika kwa herufi kubwa kila dawa ya bibi, saa anayokula, na kile kilichomdhuru. Siku ile ya sindano alimwomba nesi kichupa kitupu akanakili jina lake herufi kwa herufi. Nikamwambia naye asijisumbue. Akasema, "Sawa, mama," na akaendelea kuandika.

Miezi saba baadaye mama alikwenda Qurayyat kukaa wiki moja kwa mdogo wake. Binti alifuatana naye. Kwetu ulikuwa wakati wa mitihani, na sheria ya skuli ni kwamba msimamizi anaacha simu yake ofisini kwa mkuu. Nilisimama ndani ya chumba cha mtihani saa mbili na nusu nikitembea baina ya madawati, na nilipotoka nikakuta simu yangu imepigwa mara saba, na jumbe tatu za sauti.

Wa kwanza: "Mama, tuko mustashfa, hapa hospitali, na bibi. Kifua kimebana, ana joto sana. Wanataka kumpiga sindano. Nimewaambia hiyo dawa bibi haiwezi. Daktari anasema kwa kompyuta hakuna. Tafadhali mama, mpigie huyu daktari."

Katika wa pili alikuwa anasema haraka haraka. "Nimemuonyesha daftari. Ameniuliza nani ameandika, nikasema mimi. Akaniuliza kama mimi ni daktari. Mama, chukua simu. Chukua simu, mama."

Wa tatu haukuwa na maneno. Zilisikika sauti za watu wanaokimbia, kitanda kinasukumwa, kisha binti analia kwa lugha ya kwao.

Sikitaji kituo kile cha afya. Nimekwisha kusema na walio juu yake, na daktari yule nimemwona uso kwa uso. Ni kijana aliyekuwa peke yake na foleni ya watu mlangoni. Hasira yangu kwake ilidumu kama wiki mbili, kisha ikahama. Sikumsamehe, hilo sikwambii uwongo. Lakini niliona alichokiona yeye, na hapo ndipo nilipopata wa kumkasirikia zaidi yake.

Sindano walikwisha kumpiga; moyo wa mama wakaurudisha, wakamtia kwenye gari la wagonjwa, wakamleta hospitali kubwa ya mjini. Moyo ulikuwa umesimama kwa muda; muda gani, kila mtu alinitajia dakika zake. Nilifika mimi kwanza, gari la wagonjwa likafika baada yangu, binti akateremka nyuma akiwa na viatu vya bibi mkononi, yeye mwenyewe hana kiatu hata kimoja.

Daktari wa chumba cha mahututi aliniita kando. Alisema kwa Kiarabu cha adabu kabisa, "Khaala, kwa nini hamkuwaambia kuwa ana hasasiya?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tuliwaambia. Na imeandikwa. Imo ndani ya mtandao wenu."

Hakubishana nami. Alinigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Jina la mama, namba yake, umri wake. Chini yake mstari mmoja, umeandikwa kwa rangi ya kijani, rangi ya salama: Hasasiya: hana.

Nimefundisha hisabati miaka ishirini na sita. Jambo la mwanzo tunalowafunza watoto ni kuwa sifuri si sawa na kutojua. Ukimwuliza mwanafunzi kuna vitabu vingapi ndani ya kabati lililofungwa, hawezi kuandika sifuri. Ataandika sijui, au ataomba ufunguo. Kompyuta ile haikusema sijui. Laiti ingesema haina khabari za bibi huyu, yule kijana wa kituoni pengine angemsikiliza msichana aliyesimama mbele yake na daftari. Lakini iliandika hana, kwa kijani, na mbele ya neno hilo msichana wa kazi na daftari lake wakawa si kitu.

Mama alilala na mpira kooni siku kumi na moja. Katika siku hizo nilifanya kazi moja tu, kutafuta faili lake la Ghubra ili hospitali kubwa wajue kilichompata mara ya kwanza na alitibiwa vipi. Walilihitaji. Nilidhani ni jambo la kubofya kidole, kwani si wameunganishwa?

Ofisi ya kumbukumbu ya Ghubra waliniambia faili haliwezi kutoka bila ya saini ya mgonjwa.

"Mgonjwa hana fahamu."

"Basi mwakilishi wake wa sheria."

"Mimi ni binti yake."

"Tunajua, ustadha. Lakini lazima ulete barua ya uwakilishi yenye muhuri."

Nikaenda kutafuta muhuri. Nikarudi nao, nikaambiwa barua ya kuomba lazima itoke hospitali inayolitaka faili. Hospitali inayolitaka faili ikasema haina haja ya kuandika barua, sababu wao wameunganishwa na Ghubra. Nikawauliza, mbona hamlioni? Wakasema linaonekana, ila ndani hamna kitu. Nilikuwa nikienda huku na huku kwa gari yangu mwenyewe, mwendo wa dakika ishirini, baina ya majengo mawili ambayo kwenye filamu faili linaruka hewani.

Siku ya nne nilikaa kwenye benchi la ofisi ile ya kumbukumbu nikasema siondoki. Nilisema kwa Kiarabu kwa sauti, kisha hasira zikanizidi, nikajisemea kwa Kiswahili, "Watu hawa wataniulia mama yangu."

Mkuu wa ofisi, mwanamke wa umri wangu, akanyanyua uso.

"Kwenu wapi, dada'ngu?" aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kabisa, kule pwani walikotoka bibi zetu.

Nikamwambia. Akafunga mlango, akanivutia kiti.

"Nnakwambia kitu, lakini hukukisikia kwangu. Daktari wetu aliandika. Mimi nimeona kwa macho yangu. Aliandika kwenye maelezo yake, mistari mirefu, kila kitu kimo. Lakini maelezo hayavuki. Vinavyovuka ni visanduku tu."

"Visanduku gani?"

Akanionyesha. Kulikuwa na kisanduku kidogo pembeni cha hasasiya. Daktari alikiacha kitupu kwa kuwa alikwisha kuandika kila kitu chini, kwa maneno yake. Kisanduku kitupu kikivuka kwenda upande wa pili, kule hakikubali kuwa kitupu, basi mashine inakijazia. Inakijazia neno hana.

"Na mnajua?" nilimwuliza.

"Tumeandika barua. Kampuni yetu ya kompyuta inasema kosa la kampuni ya upande wa pili. Wale wanasema kosa letu. Mimi nimebakisha mwaka mmoja nistaafu, dada'ngu, na barua zangu zote wamezipokea kwa shukrani."

Alinichapia faili zima la mama hapo hapo, bila ya barua na bila ya muhuri. Karatasi kumi na nane. Nilizibeba kifuani mpaka kwenye gari, na nilipofunga mlango nikapiga usukani kwa mikono miwili hadi honi ikalia na mlinzi akaja kuangalia.

Mama alizinduka. Nasema hivi mapema ili nisimtie mtu wahaka. Alizinduka, akarudi Mabela, na yuhai mpaka leo. Lakini hakurudi yule yule. Huanza sentensi akaipoteza katikati. Aliyekuwa anajua siku za kuzaliwa za ukoo mzima, sasa huniuliza mara tatu kwa asubuhi moja kama nimekula. Na akimwona mtu amevaa koti jeupe, hata muuza duka la dawa, huufumba mkono wake na kuuficha chini ya leso.

Ilikuwa wiki ya tano baada ya kurudi nyumbani, kibali cha ukaazi cha binti kikawa kinakaribia kwisha, na ili kifanywe upya lazima apimwe afya. Nilimpeleka kwenye kituo cha vipimo asubuhi, wakamtoa damu, wakampiga picha ya kifua, tukarudi. Kesho yake, saa nne, mimi niko jikoni nnamenya ndizi, simu yangu ikalia ujumbe.

Ulikuwa na jina lake kamili, namba ya pasipoti yake, na majibu yake. Kivuli kwenye pafu la kulia. Arudi kwa uchunguzi zaidi.

Majibu ya mwili wake yalikuja kwenye simu yangu, kwa kuwa kibali chake kiko kwa jina langu, mimi ndiye mdhamini wake. Yeye alikuwa chumba cha pili anamsuka bibi nywele.

Hapa nataka niseme ukweli wangu, kwani nimeshasema wa watu wengine. Nilisoma ujumbe ule wote. Kisha sikwenda kumwambia. Nilitoa kikombe cha mama na kijiko chake kwenye kabati, nikavitia kwenye rafu ya juu, mbali na mikono ya binti. Nikaenda chumbani nikamwambia, "Acha, leo nitamlisha mimi." Alinitazama, akakiweka kitana chini, akatoka.

Haikupita saa moja ikalia simu. Ni yule wakala aliyenitafutia binti miaka mitatu nyuma, sauti yake imejaa huruma.

"Pole, mama. Nimesikia msichana wako ana kifua. Ukitaka ninaye mwingine, Mganda pia, amefika juzi, mkubwa kidogo, ameshapimwa yuko salama."

"Umesikia kwa nani?"

"Majibu yameshatoka, mama."

"Majibu yamekuja kwangu. Wewe umeyapataje?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto. "Tunawajua pale, mama. Hutuonyesha. Ni kwa ajili ya kuwasaidia nyinyi."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia kwa Kiarabu, na yaliyonipungukia nikayatafuta kwa Kiswahili nikayapata. Kisha nikakata simu. Faili la mama yangu nimeliendea siku nne, na muhuri, na kelele, na bado lisingetoka lau si mwanamke mmoja mwenye imani. Pafu la msichana huyu lilikuwa limetoka kituoni likafika kwangu, likafika kwa wakala, na pengine likafika kwa dereva wa wakala, yote kabla ya adhuhuri, bila ya mtu kuomba saini ya yeyote. Mtu akiwa mnyonge, khabari zake zina miguu.

Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Ni mimi mnasema?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilimsomea ujumbe wote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo kifua changu watu wote wamekiona. Mimi ndiye wa mwisho."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ile kikombe ya bibi nimeona, mama. Nimeiona kule juu." Hakuwa analia. "Kama ulikuwa unataka kunisaidia, ungenipa simu nisome mwenyewe."

Niliyekuwa nimewapigia kelele madaktari, makarani na mawakala, nilikuwa nimefanya vile vile walivyofanya wao, ndani ya jiko langu, kwa kikombe na kijiko.

Akavuta kiti akakaa. Akanieleza kuwa alipokuwa na miaka tisa aliugua kifua kikuu, akanywa dawa miezi sita kwenye zahanati ya kwao, akapona, na daktari wa wakati ule alimwambia mamake kuwa alama itabaki kwenye pafu. Kadi ya zahanati anayo dada yake. Akampigia pale pale. Tulipokuwa bado tumekaa, picha ya kadi ikaingia kwenye simu yake: imechakaa, imekunjwa mara nne, lakini mihuri yote sita ya miezi sita inasomeka, na chini saini ya nesi.

Tulikwenda pamoja kwa daktari wa kifua. Nilikaa nje. Nilikuwa nimezoea kuingia naye na kumsemea, na safari hii nilijizuia mpaka misuli ikaniuma. Wakampima makohozi, wakatazama picha ya kadi, wakasema ni kovu la zamani, haambukizi mtu, arudie picha ya kifua baada ya miezi sita. Kibali kikatoka.

Malalamiko yangu dhidi ya hospitali ya Ghubra nilikuwa nimeyaandika mama akiwa bado hospitali, kurasa tatu. Yalijibiwa baada ya kibali cha binti kutoka. Waliniita kwenye mkutano. Alikuwapo meneja, alikuwapo mtu wa kampuni ya kompyuta, na alikuwapo daktari wa Kihindi, macho yake mekundu. Nilikwenda na binti. Meneja alimtazama akauliza kama angependa kungojea nje penye kiyoyozi.

"Atakaa hapa," nilisema. "Yeye ndiye shahidi."

Meneja akaanza kusema wanasikitikia usumbufu uliotokea. Neno usumbufu. Mtu wa kompyuta akafungua kidaftari chake cha umeme akaeleza kwa upole kwamba wamechunguza, na kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa.

"Rudia," nilimwambia.

"Mfumo ulifanya kazi kama—"

"Basi nani aliyepanga hivyo? Nataka kumjua. Nani alikaa kitako akaamua kuwa asiyejulikana aandikwe hana? Maana huyo si mashine. Ni mtu, ana meza, na alikunywa chai siku hiyo." Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama. "Mama yangu haimalizi sentensi. Unajua usumbufu ni nini? Usumbufu ni foleni ya petroli!"

Nikamwambia binti awaeleze alichomwambia daktari wa Qurayyat. Akafungua daftari lake, akasoma kwa Kiingereza, pole pole, tarehe, jina la dawa kama alivyolinakili kwenye kichupa, na maneno aliyoyaandika chini yake: bibi karibu afe, asipewe tena. Kisha akamgeuzia mtu wa kompyuta ukurasa ule aone.

Daktari wa Kihindi ndiye aliyesema. Alisema aliandika pasipo mahali pake, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa maandishi yake hayavuki. Alikuwa akiandika vile miaka, kwa wagonjwa wote. Meneja alimgusa mkono ili anyamaze. Hakunyamaza. Alisema, "Si mama huyu tu. Wako wengine, na mimi siwajui ni wangapi."

Kilichopatikana ni hiki. Hospitali ile sasa daktari hawezi kufunga faili mpaka ajaze kisanduku, na asipojua huandika haijulikani. Nimekwenda kuhakikisha mwenyewe. Hao wengine ambao daktari aliwataja, nimeandika barua mbili kuuliza kama wamepigiwa simu, na barua zangu zimepokelewa kwa shukrani. Hospitali nyingine zinafanya nini, sijui. Wakala sikumripoti mahali popote pa maana, kwa kuwa kila nilipokwenda waliniuliza kama ninao ushahidi, na mtu wa kituo aliyemwonyesha majibu hana jina. Hilo linanichoma kuliko mengine.

Miezi sita ilipotimia tulirudi kituo cha vipimo. Karani wa dirishani akatupatia fomu ya kujaza. Penye namba ya simu ya kupelekewa majibu palikuwa pameshachapwa tayari: namba ya mdhamini. Binti akaomba kalamu yangu, akaikata namba ile, akaandika ya kwake.

Karani akairudisha. "Hivi sivyo. Inatakiwa ya mdhamini."

"Mdhamini ni mimi," nilisema, "na mimi sina kifua kinachopimwa leo."

Akatupatia fomu mpya. Binti akakata tena, akaandika tena. Karani akasema huo si utaratibu, kompyuta haitakubali. Nikamwambia ajaribu kwanza mbele yetu. Watu wa nyuma walikuwa wameanza kunung'unika, mwanamume mmoja akaniambia nina ushindani. Nikamwambia ndiyo. Karani alipumua kwa nguvu, akabofya, akaandika namba moja moja huku anatutazama. Kompyuta ikakubali.

Siku mbili baadaye tulikuwa ndani ya gari, mama kaketi nyuma na leso yake, tunatoka sokoni, tumesimama kwenye taa za njiani. Simu ya binti ikalia. Akaitoa kwenye mkoba, akageukia dirishani, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akaizima na kuirudisha mkobani. Mimi nilitazama njia. Nilitaka sana kumwuliza. Taa ikawa kijani, nikaendesha.